Naitrojeni au chuma? Kisa cha nanotyubu za kaboni zilizoitwa "zisizo na metali"

Februari 2009 Kuanping Gong, Liming Dai na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dayton, Ohio, Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyowakusanya watafiti wengi kwenye njia moja. Walionyesha kwamba nanotyubu za kaboni (mirija midogo mno ya kaboni) zilizotiwa naitrojeni, zikiwa zimesimama wima kama mabua ya mtama shambani, zinaendesha mmenyuko wa oksijeni wa seli ya fueli ya alkali (kifaa kinachozalisha umeme kwa kuunganisha fueli na oksijeni) vizuri kuliko platinamu. Na elektrodi hiyo, walisema, haina metali.

Uzito wa dai hilo unaeleweka haraka. Upande wa oksijeni ndio mzito katika seli ya fueli, na ndiko platinamu nyingi hutumika. Kaboni na naitrojeni zinapatikana kila mahali. Platinamu inachimbwa katika nchi chache, Afrika Kusini ikiongoza kwa mbali. Kama kaboni peke yake inaweza kufanya kazi hiyo, hesabu nzima ya gharama inabadilika.

Kisa tunachokichambua ni swali lililofuata: kazi ile hufanywa na naitrojeni, au na chuma kilichobaki ndani ya mirija baada ya kuoteshwa? Neno "chuma" hapa ni elementi Fe peke yake. Kwa jumla tunasema "metali". Lugha ya karakana huyachanganya maneno hayo mawili, lakini katika kisa hiki kuyachanganya kunavuruga hoja yote.

Namba mbili zilizolinganishwa

Tuanze na namba zenyewe. Katika myeyusho wa hidroksidi ya potasiamu wa 0.1 M uliojaa hewa, elektrodi ya nanotyubu ilitoa mkondo wa 4.1 mA kwa sentimita ya mraba kwenye −0.22 V. Platinamu juu ya kaboni ilitoa 1.1 mA kwenye −0.20 V. Msomaji wa haraka anaona ushindi wa karibu mara nne.

Badilisha potenshali kwanza. Kwa elektrodi rejea ya Ag/AgCl yenye KCl iliyojaa, kwenye pH 13, unaongeza takriban 0.965 V ili kupata kipimo cha elektrodi ya haidrojeni. Kwa hiyo −0.20 V ni kama 0.76 V. Kwenye potenshali hiyo, ndani ya alkali, platinamu iko mbali na mwisho wa uwezo wake. Kinachoizuia ni kasi ya oksijeni kuifikia.

Kasi hiyo tunaweza kuikokotoa kwa mlinganyo wa Levich wa kisahani kinachozunguka. Chukua myeyuko wa oksijeni 1.2 × 10⁻⁶ mol/cm³ (myeyusho ukiwa umejazwa oksijeni tupu), kipimo cha msambao 1.9 × 10⁻⁵ cm²/s, mnato kinematiki 0.01 cm²/s, na elektroni nne kwa kila molekuli. Kwa mizunguko 1600 kwa dakika, mkondo wa juu kabisa unatoka 5.7 mA/cm². Ukitumia hewa badala ya oksijeni, zidisha kwa 0.21: unabaki na 1.2. Kwa mizunguko 1400 unabaki na 1.1.

Kwa hiyo 1.1 ya platinamu ni kiasi kile kile ambacho kisahani bapa kinaweza kupewa na hewa. Platinamu haikuwa imeshindwa, ilikuwa inasubiri oksijeni. Na 4.1 ya nanotyubu ni zaidi ya kile kisahani bapa kinachoweza kupata, maana yake ni kwamba mlinganyo wa kisahani bapa hauifai elektrodi ile. Msitu wa mirija wenye urefu wa mikromita kadhaa una kingo, una mashimo yanayohifadhi oksijeni, una eneo kubwa linalochajiwa kila potenshali inaposogea. Mfano wa kuchaji: kaboni yenye 50 F/g, ikipakwa 0.2 mg/cm² na kusogezwa kwa 10 mV/s, inatoa 0.1 mA/cm² bila oksijeni kuhusika kabisa. Hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya mkondo wote unaopimwa kwenye hewa, na kaboni ikiongezeka nayo inaongezeka.

Hatusemi vipimo vilikosewa. Tunasema mikondo miwili kwa kila sentimita ya mraba ya jiometri, mmoja ukiwa umefika kikomo cha usafirishaji, haiwezi kuamua kichocheo kipi ni bora. Ulinganisho unaofaa hufanyika pale mkondo ulipo kati ya asilimia 10 na 80 ya kikomo, baada ya kutoa mkondo wa msingi uliopimwa ndani ya argoni, kisha kurekebishwa kwa i·iL/(iL − i), ambapo i ni mkondo uliopimwa na iL ni kikomo, na kugawanywa kwa uzito wa kichocheo.

Malighafi

Hili ndilo linalotusumbua zaidi. Nanotyubu za mwaka 2009 zilioteshwa kwa kuunguza fthalosianini ya chuma. Molekuli hiyo ina atomu moja ya chuma iliyozungukwa na naitrojeni nne, na naitrojeni nyingine nne pembeni. Kwa uzito ni chuma asilimia 9.8 na naitrojeni asilimia 19.7. Chuma ndicho kinachoiotesha mirija. Naitrojeni ndiyo inayopandikizwa. Vyote viwili vinaingia tanurini kwa mlango mmoja.

Sasa rudi nyuma hadi 1964. Raymond Jasinski alionyesha kwamba fthalosianini ya kobalti huchochea mmenyuko wa oksijeni katika alkali. Miaka ya 1970 ikaonekana kwamba molekuli za aina hiyo, zikichomwa pamoja na kaboni, zinadumu zaidi. Mwaka 1989 kundi la Ernest Yeager lilionyesha kwamba hata molekuli yenyewe si lazima: chumvi ya chuma au kobalti, polima yenye naitrojeni, na kaboni, vikipashwa moto pamoja, vinatoa kichocheo. Maana yake, mapishi ya kuotesha nanotyubu "zisizo na metali" kwa fthalosianini ya chuma yanafanana sana na mapishi ya kichocheo cha chuma na naitrojeni kilichokuwa kinajulikana miaka ishirini kabla.

Waandishi wa 2009 walikuwa wanalijua tatizo la mabaki. Waliisafisha mirija kwa kuioksidisha kwa umeme ili kuondoa chuma, kisha wakaipima. Swali ni kama usafishaji wa namna hiyo unaweza kufika kila kilipo chuma.

Kwa nini kuosha hakutoshi

Chembe ya chuma inayootesha mrija haiachwi wazi. Kaboni inayeyuka ndani yake kwenye joto la nyuzi 700 hadi 1000, kisha inatoka ikiwa karatasi za grafiti zinazojikunja. Tanuri likipoa, chembe nyingi hubaki zimevikwa: kiini cha chuma au kabidi ya chuma chenye nanomita 5 hadi 20, kimezungushiwa maganda kadhaa ya grafiti kama kitunguu. Asidi haipenyi grafiti iliyo kamili. Inayeyusha chembe zilizo uchi, zilizopasuka ganda, na zilizo kwenye ncha zilizofunguka, nyingine inazipita.

Mwaka 2006 Craig Banks, Richard Compton na wenzao wa Oxford walionyesha kwamba "uchocheaji" uliokuwa unasifiwa kwenye baadhi ya elektrodi za nanotyubu, kwa mfano katika kupima haidrazini, ulitokana na chembe za oksidi ya chuma. Mwaka 2007 Martin Pumera alionyesha chembe za metali zilizobaki hata baada ya kuosha kwa asidi ya nitriki yenye joto, zikiwa ndani ya maganda yake. Kwa hiyo onyo lilikuwepo kabla ya 2009, ila lilikuwa kwa watu wa vihisio na halikusomwa sana na watu wa seli za fueli.

Kuna ubaya wa pili ambao husahaulika. Asidi ya nitriki inayochemka hupasua kuta za mirija na kuacha makundi ya kaboksili. Makundi hayo hushika ayoni za chuma zilizoyeyuka. Ukipasha moto tena pamoja na amonia, ayoni hizo zinaingia kati ya naitrojeni na kuwa chuma kilichosambaa atomu moja moja, aina iliyo kali kuliko zote kwa mmenyuko huu. Usafishaji unaishia kukihamisha chuma kutoka mahali kilipolala hadi mahali kinapofanya kazi.

Chuma kidogo kiasi gani kinatosha

Hesabu hii ni fupi na tunadhani ndiyo inayopaswa kufanywa kabla ya kuandika neno "hakuna". Tuseme kaboni ina chuma asilimia 0.05, yaani sehemu 500 kwa milioni. Gramu moja ina mikromoli 9, au atomu 5.4 × 10¹⁸. Ukipaka 0.2 mg/cm², unapata atomu 1.1 × 10¹⁵ kwa sentimita ya mraba. Uso bapa wa platinamu una takriban 1.5 × 10¹⁵. Kwa maneno mengine, asilimia 0.05 ya chuma, kikiwa kimesambaa chote, kina idadi ya atomu inayokaribia uso mzima wa platinamu.

Na kifaa kilichozoeleka kuthibitisha usafi, spektroskopia ya elektroni kwa eksirei, hakiwezi kuona kiasi hicho. Kikomo chake cha kawaida ni karibu asilimia 0.1 kwa idadi ya atomu. Atomu ya chuma ni nzito kuliko ya kaboni mara 4.65, kwa hiyo asilimia 0.1 ya atomu ni karibu asilimia 0.47 ya uzito: sehemu 4700 kwa milioni. Tena kinatazama nanomita chache tu za juu, na elektroni za chembe iliyozikwa chini ya ganda na ukuta wa mrija hupotea njiani. Mtu anayeandika "chuma hakikuonekana" kwa kifaa hicho amesema tu kwamba chuma hakizidi kiasi kikubwa mno.

Kupima chuma kweli kweli

Mizani ya joto ni ya mwanzo tu. Choma miligramu 10 kwenye hewa hadi nyuzi 900, nyuzi 10 kwa dakika. Mabaki ni oksidi. Kama ni ya chuma, zidisha kwa 0.70. Mabaki ya asilimia 5 ni chuma asilimia 3.5, jambo la kawaida kwa nanotyubu za dukani zilizoandikwa "usafi 95%". Mabaki yakiwa meupe, shuku alumina au magnesia iliyotumika kushikilia kichocheo cha kuoteshea. Chini ya asilimia 1 usiiamini mizani hiyo: 0.1 mg kwenye sampuli ya 10 mg inakaribia mtikisiko wake wenyewe.

Kwa kiasi kidogo, nanotyubu haziyeyuki kwenye asidi, kwa hiyo lazima ziwe majivu kwanza. Pima miligramu 100 kwenye kibakuli cha kwatzi. Kauri ya kawaida ina chuma chake na inakitoa. Paka unyevu wa maji safi ili unga usiruke, kausha, kisha pandisha joto polepole hadi nyuzi 650 na uache saa 4 au zaidi, mpaka weusi wote uishe. Chuma kikiwepo kwa wingi utaona kwa macho: ukungu wa rangi ya kutu umebaki chini ya kibakuli. Ongeza mililita 3 za asidi ya haidrokloriki ya 6 M iliyo safi, pasha bila kuchemsha kwa nusu saa. Asidi ya nitriki peke yake huyeyusha oksidi ya chuma iliyochomwa kwa shida sana, na hapo ndipo wengi hupata namba ndogo ya kufurahisha isiyo ya kweli. Fanya hatua zote hizo na kibakuli kitupu pia.

Ukiwa na spektromita ya masi ya plasma, kumbuka kwamba chuma-56 kinagongana na argoni iliyoshikana na oksijeni, zote zikiwa na masi 56; tumia seli ya mgongano. Pima pia manganisi, kobalti, nikeli na shaba.

Maabara isiyo na kifaa hicho bado inaweza kupima chuma. Kausha asidi iliyozidi, weka haidroksilamini ili chuma chote kiwe Fe(II), rekebisha pH kwa bafa ya asetati hadi kati ya 4 na 5, ongeza fenanthrolini, fikisha mililita 10. Rangi ya chungwa inayokolea nyekundu inajitokeza ndani ya dakika 10 hadi 15. Soma kwenye nanomita 510. Kwa sampuli ya miligramu 100 yenye chuma sehemu 100 kwa milioni, utakuwa na miligramu 1 kwa lita, na usomaji wa karibu 0.20 kwenye kiseli cha sentimita 1. Fotomita inayoweza kusoma hivyo ipo katika idara nyingi za kemia za vyuo vikuu vyetu. Haisemi lolote kuhusu manganisi au kobalti, lakini kwa chuma inatosha kukutoa gizani.

Uchafu unaoingia kwa mlango wa nyuma

Sampuli inaweza kuwa safi na kipimo kikawa kichafu. Hidroksidi ya potasiamu ya kawaida hubeba chuma kidogo, nacho hujikusanya kwenye elektrodi kadiri saa zinavyopita. Nunua iliyo safi sana au ipitishe kwenye hidroksidi ya nikeli kwanza. Alkali inakula kioo, basi tumia chombo cha teflon au polipropilini. Elektrodi ya pili ikiwa platinamu, inayeyuka kidogo kidogo na kuhamia kwenye sampuli yako, na baada ya mizunguko elfu chache unapima platinamu bila kujua. Weka fimbo ya grafiti nyuma ya kizuizi cha vinyweleo. Kwa rejea tumia Hg/HgO, maana Ag/AgCl huvujisha kloraidi. Kijiko cha chuma cha maabara, kisumaku cha kukorogea kilichochubuka, ncha ya titani ya mawimbi ya sauti: vyote huacha chembe.

Na hili linawanasa hata wazoefu: ufanisi wa pete katika elektrodi ya kisahani na pete (pete hiyo hukizunguka kisahani na kunasa peroksaidi inayotoka humo) hupimwa kwa ferisianidi ya potasiamu, ambayo ni chuma na sianidi kwa pamoja. Ukitumia chombo hicho hicho baadaye, umeweka chuma unachokitafuta na sumu yake kwa mkupuo mmoja. Tenga chombo cha kupimia pete, na usafishe elektrodi kwa kuing'arisha upya.

Wino wenyewe, yaani mchanganyiko unaopakwa kwenye kisahani: miligramu 5 za kichocheo, mililita 1 ya maji na aisopropanoli (3 kwa 1), mikrolita 20 za myeyusho wa asilimia 5 wa Nafion (polima inayokishikilia kichocheo kwenye kisahani). Weka kwenye bafu la mawimbi ya sauti dakika 30 ndani ya barafu. Mikrolita 8 kwenye kisahani cha kipenyo cha milimita 5 zinatoa 0.2 mg/cm². Nanotyubu ndefu hujisokota na kukimbilia ukingoni tone linapokauka, zikiacha katikati patupu. Kausha elektrodi ikiwa inazunguka polepole, kichwa juu. Kisha rudia na 0.05 mg/cm². Sababu ni haidrojeni peroksaidi: katika tabaka nene inayozalishwa chini inapunguzwa tena kabla ya kutoka, pete haiioni, na kichocheo cha elektroni mbili kinajionyesha kuwa cha elektroni nne. Namba ya elektroni ikishuka pale tabaka linapopunguzwa, ulichokuwa unapima ni unene.

Vipimo vya sumu, na kwa nini havikati shauri

Sumu hapa ni kitu kinachokishika kichocheo na kukizima. Kazi ya 2009 ilionyesha kwamba nanotyubu hazijali monoksidi ya kaboni wala methanoli, tofauti na platinamu. Hiyo ni sifa nzuri kwa mtumiaji, lakini si ushahidi wa kukosekana kwa metali. Chuma kilichoshikwa na naitrojeni nne nacho, kwenye joto la kawaida, hakisumbuliwi na methanoli, na monoksidi ya kaboni haikizimi. Kipimo kinachotenganisha platinamu na vingine vyote hakitenganishi chuma na naitrojeni.

Sianidi hushika chuma kwa nguvu, na watafiti wengi wameitumia kwa milimola 10 ndani ya alkali. Hatuishauri kwa maabara isiyo na mafunzo maalumu na kabati zuri la kutolea mvuke: tone moja la asidi likifika humo, gesi inayotoka inaua. Thaiosianeti ya milimola 5 hadi 10 ndani ya asidi ya perikloriki ya 0.1 M ni salama zaidi na inafaa kwa chuma, ila ndani ya alkali haifanyi kazi vizuri kwa sababu hidroksidi inaigombania nafasi.

Mkondo ukishuka baada ya sumu, chuma kipo na kinafanya kazi. Usiposhuka, bado hujui. Mwaka 2013 kundi la Bao Xinhe huko Dalian, China, lilieleza chembe za chuma zilizofungiwa ndani ya nanotyubu kama njegere ndani ya ganda. Oksijeni haigusi chuma. Chuma kinasukuma elektroni kupitia ukuta mwembamba wa kaboni na uso wa nje unakuwa mchangamfu. Sumu nayo haikifikii. Elektrodi ya namna hiyo inapita kipimo cha sumu huku kazi yake yote ikitegemea chuma.

Kile kilichojulikana baadaye

Mwaka 2012 kundi la Hongjie Dai wa Stanford, ambaye si Dai wa Dayton, liliripoti nanotyubu zilizochanwa kuta za nje kwa oksidisho na kupashwa ndani ya amonia. Kichocheo kilikuwa kizuri, na badala ya kulitaja tu tatizo la uchafu kwa mbali, walipiga picha hadi ngazi ya atomu na kuonyesha chuma, kilichobaki kutoka kwenye mbegu za kuoteshea, kikiwa jirani na naitrojeni kwenye kingo. Kwetu hiyo ni kazi ya mfano: mabaki yalipewa jina, yakatafutwa mahali yalipo, na yakahesabiwa kuwa sehemu ya kichocheo.

Mwaka uliofuata Justus Masa, mkemia kutoka Uganda, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, walithibitisha kwamba mabaki kidogo sana ya metali yanainua sana utendaji wa kaboni zenye naitrojeni zilizodhaniwa safi. Mwaka huo huo kundi la Pumera lilionyesha kitu kama hicho kwenye grafini, ambako mkosaji alikuwa manganisi: grafini nyingi hutengenezwa kupitia oksidisho la pamanganeti, na manganisi inabaki.

Naitrojeni haikutoka mikono mitupu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, Donghui Guo, Takahiro Kondo, Junji Nakamura na wenzao, walitumia grafiti bapa ya pirolitiki yenye matabaka yaliyopangika vizuri badala ya nanotyubu, wakaipandikiza naitrojeni kwa namna iliyodhibitiwa. Utendaji ulipanda sambamba na naitrojeni ya aina ya piridini (iliyoshikana na kaboni mbili tu), na mahali penyewe pa kazi palikuwa atomu ya kaboni iliyo jirani na naitrojeni hiyo. Grafiti hiyo haihitaji mbegu ya chuma ili iote.

Ukiyaweka pamoja: naitrojeni inafanya kazi, hasa katika alkali; chuma kikiwepo hata kwa sehemu mia chache kwa milioni, kinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi; na katika asidi, ambako seli nyingi za fueli za magari zinafanya kazi, tofauti kati ya hivyo viwili inazidi.

Kulipanga jaribio upya

Kosa la msingi la mapishi ya 2009 ni kuingiza chuma na naitrojeni kwa wakati mmoja. Vitenganishe. Safisha mirija ikiwa haina naitrojeni, kisha pandikiza naitrojeni kutoka chanzo kisicho na metali.

Njia kali ya kusafisha ni kuipasha ndani ya argoni nyuzi 2000 hadi 2800, joto linalovukiza chuma kupitia maganda. Haiwezekani kufanywa baada ya kupandikiza, kwa kuwa naitrojeni huanza kutoka karibu na nyuzi 1000. Asiye na tanuri hilo atumie njia ya kupasua maganda: nyuzi 400 kwenye hewa kwa saa 1, kisha asidi ya haidrokloriki ya 6 M kwenye nyuzi 70 kwa saa 12, chuja kwa kichujio cha teflon cha mikromita 0.45, osha hadi maji yatoke bila asidi, rudia mara 3. Mantiki yake ni kwamba chuma kikiwa oksidi kinavimba hadi karibu mara mbili, na ganda la grafiti linapasuka lenyewe. Pima majivu baada ya kila mzunguko. Namba ikiacha kushuka, umefika mwisho wa njia hiyo.

Baada ya hapo gawa mirija mafungu matano ya miligramu 200. Kwenye moja usiweke kitu. Kwenye manne weka myeyusho sanifu wa chuma wa miligramu 1000 kwa lita: mikrolita 10, 40, 100 na 200, ambazo ni sehemu 50, 200, 500 na 1000 kwa milioni. Kausha, kisha pasha yote ndani ya amonia kwenye nyuzi 900, ndani ya mrija wa kwatzi ambao haujawahi kuona chuma, fungu lisilo na chuma likitangulia. Amonia inakula kaboni kwenye joto hilo. Fungu likipoteza nusu ya uzito, chuma chake kimeongezeka maradufu bila kuongezwa. Kwa hiyo pima chuma tena mwishoni, usitegemee ulichoweka mwanzoni.

Chora mkondo wa kinetiki kwa kila gramu kwenye 0.80 V (kwa kipimo cha elektrodi ya haidrojeni) dhidi ya chuma kilichopimwa. Mwinamo ni mchango wa chuma. Pale mstari unapokata kwenye chuma sifuri ndipo ilipo sehemu ya naitrojeni, na ikiwa sehemu hiyo iko ndani ya kosa la kipimo, neno "bila metali" haliwezi kuandikwa kwenye kichwa cha ripoti. Fungu la sita, lililopashwa ndani ya argoni bila amonia likiwa na chuma sehemu 500, linaonyesha chuma kinafanya nini pasipo naitrojeni. Mara nyingi ni kidogo sana, na hilo linaeleza kwa nini watu waliodhani wanapima naitrojeni peke yake waliona "athari ya naitrojeni" iliyo wazi namna ile.